Plastiki ya mmea nayo hupikwa: barua ya wazi kwa wakuu wa Mtwara na Lindi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.
Nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri, Bodi ya Korosho, NEMC (baraza la mazingira), TBS (shirika la viwango) na SIDO (shirika la viwanda vidogo).

Waheshimiwa,

Salaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na poleni na kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha kemia sekondari miaka 28, mingi hapa Mtwara na michache Lindi mjini, na baadhi ya wanafunzi wangu sasa wamo maofisini mwenu. Wakinitambua kwa maneno haya, wanyamaze. Siku hizi nawaandikia hesabu akina mama wa kikundi cha kubangua korosho huku Mikindani, na jioni naendeleza ukaidi wangu wa zamani wa kuchemsha vitu kwenye sufuria ambazo hazipikiwi tena chakula.

Barua hii haihusu bei ya mnada, wala malipo yaliyochelewa, wala salfa ya kupulizia mikorosho. Hizo mmeshazisoma nyingi. Yangu inahusu ganda la korosho, wanga wa muhogo, na neno ambalo naona limeanza kuzoeleka midomoni mwa wanaokuja kutafuta viwanja vya viwanda: kijani. Plastiki ya kijani, plastiki ya mimea, plastiki inayooza. Likitamkwa, watu wanapiga makofi. Mimi nikiwa nimekaa nyuma ukumbini hujiuliza swali la jikoni tu: inapikwaje?

Niwaeleze kwanza habari ya shimo.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, mvua hazijaanza, nilichimba shimo nyuma ya jiko langu, kina chake mkono hadi kwenye kiwiko, nikazika vitu vitatu. Cha kwanza ni mfuko mbadala, ule ulio kama kitambaa, tulioanza kuubeba baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Cha pili ni mfuko mwembamba ulioletwa na mfanyabiashara aliyekuwa anawauzia akina mama wetu vifungashio. Huo ulikuwa umechorwa jani, na chini ya jani maandishi ya kijani yanasema unaoza wenyewe na hauna madhara kwa mazingira. Nilikuwa nimeuning'iniza dirishani miezi minne upigwe na jua kabla ya kuuzika, nisije nikaambiwa sikuutendea haki. Cha tatu ni karatasi laini ya wanga wa muhogo niliyoipika mwenyewe. Nikafukia, nikaweka jiwe juu kwa sababu ya kuku.

Nilifukua mwezi wa tano, mvua zilipokatika. Mfuko mbadala ulitoka na matope. Nikausuuza, nikauanika, Jumamosi nikaenda nao sokoni. Wanga sikuuona kabisa, nilikuta mizizi ya majani imesongamana pale pale nilipokuwa nimeuweka. Ule wenye jani ulikuwepo na haukuwepo. Nilipoushika ulivunjika vipande, vipande vikavunjika vipande, mpaka vidole vikajaa chenga nyeupe na kijani ambazo kuzitoa kwenye udongo ningehitaji kibano cha nyusi. Jirani yangu alichungulia akasema, "Mwalimu, si umeoza huo?"

"Haujaoza, mama. Umesagika."

Siri yake si kubwa. Ni plastiki ile ile ya petroli, imechanganywa na chumvi za metali ili ikipigwa jua na joto ikatike haraka. Inakatika kweli, lakini chenga zake ni plastiki vilevile, na chenga haziokotwi, zinaingia baharini na matumboni mwa dagaa. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku bidhaa za namna hiyo tangu Julai 2021. Ndiyo maana nina wasiwasi kwamba zilizokataliwa kule zitatafuta bandari nyingine.

Na mfuko mbadala, kwa wale wasiojua, ni polipropilini. Nayo ni plastiki ya petroli, ila nyuzi zake zimeshikizwa kwa joto zikafanana na nguo. Siupondi uamuzi wa 2019. Mitaro ya hapa ilipumua, na minazi ikaacha kuvaa vifuko kama bendera. Nasema tu kwamba tulibadilisha nguo, mwili ukabaki ule ule.

Sasa wanakuja wenye plastiki itokanayo na mimea, na hapa ndipo naomba tutulie. Brazil, tangu 2010, kuna kiwanda kinachotengeneza polithini, plastiki ya mifuko ya kawaida, kwa miwa. Ni jambo zuri kwa upande wa kuacha petroli. Lakini polithini ya miwa ni polithini: ukiitupa ufukweni Msimbati leo, wajukuu wa kasa wataikuta. Upande mwingine kuna plastiki iitwayo PLA, itokanayo na sukari ya mahindi au miwa. Hiyo huoza, ila inataka lundo la mboji lenye joto la nyuzi 60 hivi, lililosimamiwa na watu wanaojua kazi. Ndani ya maji ya bahari hukaa miaka. Kwa hiyo kujua kwamba kitu kimetoka shambani hakukuambii kitaishia wapi, na wala hakukuambii kimepita katika sufuria gani njiani. Muuzaji hufunga yote matatu fundo moja na kuliita kijani.

La mwisho wake tutalipima kwa mashimo. La chanzo chake tunalijua, tunaishi nalo. La katikati, la sufuria, ndilo hakuna anayeliuliza, nami ndilo nililolifundisha miaka yote ile.

Tuanze na ganda.

Chukueni tani moja ya korosho ghafi. Karibu kilo 700 ni ganda. Likate ganda kwa kisu utaona katikati limetoboka-toboka kama sega la nyuki, na kila tundu lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Yanafika kama robo ya uzito wa ganda. Akina mama wa kikundi chetu wanayajua kama adui. Wanapaka majivu mikononi kabla ya kubangua, wengine mafuta ya kupikia, na bado ngozi inababuka. Mmoja wao, aliyebangua tangu akiwa msichana, alipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine ilimkataa mara nne. Kijana wa laini akamwambia afute mikono. Akafuta. Hazikuwepo za kufuta. Zilishaliwa na ganda.

Hayo mafuta, waheshimiwa, ni kiwanda ambacho Mungu amekwisha kutujengea nusu. Sehemu yake kubwa ni asidi anakadiki. Ukiipasha moto vya kutosha inaachia kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli ni ndugu wa fenoli, ile inayochimbwa kwenye petroli na kutumika kutengeneza plastiki ngumu tangu Baekeland alipoivumbua yake mwaka 1907, isipokuwa hii ya kwetu ina mkia mrefu wa kaboni 15. Mkia huo unaifanya iwe laini na ikatae maji. Duniani inatumika kwenye vitambaa vya breki za magari, kwenye rangi za meli, kwenye gundi za mbao, kwenye vigumishi vya epoksi (gundi ngumu ya viwandani), na kama kilainishi cha plastiki badala ya vile vya petroli vinavyotiliwa shaka kiafya. Inawezekana breki za gari mnalopanda zina vumbi la ganda la korosho ndani yake. Tena halimnyang'anyi mtu chakula. Hakuna anayekula ganda.

Basi ganda lipikwe vipi?

Njia ya kizamani ni kuzamisha korosho nzima kwenye mafuta yake yenyewe yaliyochemka, nyuzi 180 hadi 200. Ganda linaachia mafuta, na hewa ya mtaa mzima inawasha macho. Aliyewahi kukaa upande unaoelekea upepo anajua. Njia ya pili ni kuyaosha maganda kwa kiyeyusho cha petroli kama hekseni. Mafuta yanatoka mengi na safi, lakini hekseni inashika moto kama petroli na mvuke wake unadhuru mishipa ya fahamu. Kinachookolewa kwenye ganda kinalipwa kwenye mapafu. Njia ya tatu ni mvuke wa maji kulainisha korosho, kubangua, kisha kukamua maganda kwa mashine ya kusokota, kama tunavyokamua ufuta. Hakuna kiyeyusho. Mashudu yanayobaki yanaingia kwenye tanuru la boila, na kwa kuwa mafuta mengi yametoka, moshi wake si mkali kama wa ganda bichi. Boila inatoa mvuke wa kundi linalofuata.

Ipo na ya nne, inayowapendeza sana watafiti: kaboni dayoksaidi iliyobanwa kwa nguvu ya zaidi ya mara 73 ya hewa tunayovuta, kwa joto linalopita kidogo nyuzi 31 tu, mpaka inakuwa si gesi wala kimiminika, inapenya ganda, inatoka na mafuta, halafu ukiilegeza inaruka zake na kuacha mafuta matupu. Ni nzuri mno. Niliifundisha kwa mapenzi. Lakini mitungi ya kuhimili mgandamizo ule ina bei yake, na umeme ukikatika katikati ya kazi sijui nani atasimama karibu. Kwa leo, mvuke na mashine ya kukamua vinatutosha. Mtu asije akatuuzia ndoto ya maabara ilhali mashine ya mashudu hatuna.

Kisha kuna jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi. Kadanoli peke yake haigandi kuwa plastiki ngumu. Njia ya kawaida ya kuigandisha ni kuichanganya na formaldihaidi. Ikiyeyushwa kwenye maji mnaijua kwa jina la formalini, ile ya mochwari. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mbele yenu na ubao wa plastiki ya korosho mkononi, malighafi yetu, jasho letu, akauita wa kijani, na ndani ya banda lake vijana wa Nanyamba wanavuta formalini kutwa. Hajasema uongo kuhusu chanzo. Amenyamaza kuhusu sufuria. Na njia nyingine zipo: kuna epoksi zitokanazo na kadanoli zisizohitaji formalini, na kuna majaribio ya kutumia sukari za mimea badala yake. Anayetaka kiwanja aeleze ni ipi anatumia.

Niseme na hesabu, maana nimezoea. Msimu wa 2017/2018 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, nyingi zikitoka mikoa yetu hii. Sehemu kubwa iliondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Chukueni kalamu: asilimia 70 ya mzigo ule ni ganda, na robo ya ganda ni mafuta. Hata mkiondoa kidogo kilichobanguliwa nyumbani, mnapata makumi ya maelfu ya tani za mafuta yaliyopita bandarini bila kuandikwa popote, kwa sababu kwenye karatasi inaandikwa korosho. Mwaka 2013 mji huu uliumia kwa ajili ya gesi iliyokuwa inaondoka kwa bomba. Ganda linaondoka kila msimu, tena tunalibebea wenyewe mgongoni hadi ghalani, na sijasikia hata baraza moja la kahawa likilitaja.

(Wapo watakaosema tuna gesi, tutengeneze plastiki ya kawaida tuachane na maganda. Gesi ya Mnazi Bay na ya Songo Songo karibu yote ni methani. Polithini inaanzia kwenye ethilini, na ethilini hupatikana kirahisi kwenye ethani, ambayo sisi tunayo chembe tu. Si kazi nyepesi kama inavyozungumzwa mgahawani.)

Muhogo sasa, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu ndio unaochemka kwenye sufuria zangu.

Naparua muhogo, nauloweka, naukamua kwenye kitambaa cha kanga kuukuu juu ya beseni. Maji meupe yakikaa usiku kucha, asubuhi chini kuna wanga umeshikana kama chokaa mbichi. Nayamwaga maji ya juu, naukausha wanga. Vijiko vitano vya wanga, kikombe cha maji, kijiko cha siki, kijiko cha gliserini ya duka la dawa. Moto mdogo, mwiko haupumziki. Mwanzoni ni maziwa. Ghafla, kabla hujajiandaa, linakuwa uji, na uji unapoteza weupe unakuwa kama kioo chenye ukungu. Hapo siki imekatakata minyororo mirefu ya wanga, na gliserini imejipenyeza kati yake isikauke ikawa ngumu. Namwaga juu ya kioo cha dirisha la zamani, natandaza kwa rula. Siku mbili za jua, ninabandua karatasi laini inayopitisha mwanga, unaweza kufungia karanga.

Nimesema siku mbili za jua. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nzito, karatasi hiyo hiyo inanata kama pipi iliyolambwa, na kusi ikivuma inapasuka kama jani la mgomba mkavu. Panya nao waliila mara mbili. Akina mama walicheka sana. "Mwalimu ametengeneza mfuko unaoliwa pamoja na korosho." Wanga unapenda maji, ndiyo tabia yake. Viwandani huupitisha kwenye mashine ya kusokota yenye moto, wanga na maji na gliserini vikiyeyuka humo humo bila kiyeyusho kingine chochote, kisha huuchanganya na plastiki nyingine inayooza ili uvumilie unyevu. Hiyo ni kazi safi, na mashine zake si za ajabu, ni jamaa za zile zinazotengeneza ndala na mabomba. Nikiwa na uwezo, ningeanzia hapo.

Lakini wawekezaji wakubwa watakuja na PLA, kwa sababu soko lake lipo. Marekani, kule Blair, Nebraska, inatengenezwa kwa mahindi tangu 2002. Thailand, kule Rayong, kipo kiwanda chenye uwezo wa tani 75,000 kwa mwaka kinachotumia sukari ya miwa. Wanga wa muhogo nao hugeuzwa sukari kwa vimeng'enya, kwa hiyo wazo la kuileta huku si upuuzi. Sukari inachachushwa na bakteria mpaka inakuwa asidi ile ile inayoyachachua maziwa ya mgando, kisha asidi inaunganishwa kuwa plastiki.

Tatizo ni kwamba bakteria hao hawapendi uchachu wanaoutengeneza wenyewe. Pipa likichacha sana wanakoma. Basi wanatiliwa chokaa ili kuupoza uchachu, na mwishoni, ili kuirudisha asidi, inamwagwa asidi ya salfuriki. Chokaa na salfuriki vikikutana vinazaa jasi. Kwa njia hii ya kawaida, kila tani moja ya asidi ya maziwa inaacha karibu tani moja ya jasi. Waheshimiwa wa Lindi, ninyi jasi mnayo Kilwa, inachimbwa ardhini na kwenda viwanda vya saruji. Hamhitaji kilima kingine cha jasi yenye uchafu wa mapipa, kikisubiri mvua ya kwanza kiteremke mtoni. Na dawa yake inajulikana: wenzetu wamepata hamira iliyoboreshwa inayovumilia uchachu, chokaa ikapungua na jasi nayo ikapungua. Mwekezaji aulizwe: ni bakteria au hamira? Kama ni bakteria, jasi utaipeleka wapi, na nani amekubali kuinunua? Maswali mawili. Akianza kuwasifia mandhari ya bahari, mjue.

Kuna na maji. Watu wa huku tunaujua muhogo mchungu. Mabibi zetu hawakuuloweka na kuuanika makopa kwa kupenda kusubiri; ndani yake mna sumu ya sianaidi, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hutoka na maji ya kukamulia. Beseni langu nalimwaga mbali na mboga. Kiwanda cha wanga kinamwaga mabwawa. Maji yale yana sianaidi, na yamejaa chakula cha vijidudu kiasi kwamba yakiingia kwenye kijito hewa yote ya majini inaliwa, samaki wanaelea. Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000; tusije tukaipatia hayo. Thailand, ambako wanga wa muhogo ni biashara kubwa, viwanda vingi vimefunika mabwawa ya maji machafu na kuvuna gesi inayotoka humo, wanaichoma kukausha wanga wenyewe. Hiyo ndiyo picha ya kijani ninayoielewa: turubai jeusi lililovimba juu ya bwawa, na bomba linaloelekea kwenye kikaushio. Haipendezi kwenye kipeperushi.

Kuhusu mwani wa akina mama wa pwani na nyuzi za mkonge sitasema mengi. Kuna watu London, kampuni ya Notpla, waliofungia vinywaji kwenye ngozi ya mwani wakapewa tuzo ya Earthshot mwaka 2022, kwa hiyo jambo linawezekana. Nawaachia wanaojua mwani kuliko mimi.

Sasa ombi.

Mnapogawa viwanja, iwe kongani (eneo la viwanda) ya Maranje au popote, msiridhike na neno malighafi ya asili kwenye andiko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshawapa Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Itumieni kuuliza mambo ya sufuria. Kiyeyusho gani, na kinarudishwaje? Kigumishi gani? Maji yanatokaje, na yamepimwa na nani? Kinachobaki ni kilo ngapi kwa kila kilo ya bidhaa? Swali hili la mwisho ni la darasa la nne, lakini nimeona watu wenye shahada wakilikwepa. Na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, yasifungiwe kwenye kitabu cha kurasa 200 cha lugha ya wageni.

TBS, ninawaomba neno inaoza lisiandikwe kwenye mfuko hivi hivi. Ulaya wana kipimo, EN 13432: kwenye mboji ya nyuzi 58, asilimia 90 ya kitu iwe imegeuka hewa ya kaboni ndani ya miezi 6. Tukipitisha cha kwetu, kiseme pia kinaoza wapi. Mboji ya kiwandani hatuna Mtwara wala Lindi. Mfuko unaohitaji nyuzi 58 utakuja kuoza kwa nani?

Na kwa Bodi ya Korosho na vyama vikuu vya ushirika: vikundi vidogo vya kubangua vinachoma maganda au vinayatupa, kwa sababu kikundi kimoja hakiwezi kununua mashine ya kukamulia. Ikiwekwa moja inayotumiwa kwa zamu, pale ambapo maganda ya vikundi vitano au sita yanaweza kufika kwa bajaji ya mizigo, mafuta yatapata bei na mashudu yatapata kazi. Ganda liandikwe kuwa mali ya aliyebangua. Nasisitiza hili kwa sababu najua likishakuwa na bei litapata mwenyewe mwingine. Mafuta hayo yasiguse vifungashio vya chakula. Yana ukali wake. Lakini kwa gundi na dawa ya mbao za mashua, tungeanza hata msimu huu. SIDO mna mafundi wanaoweza kuiunda mashine hiyo. Watafiti wa kilimo wa Naliendele wana miaka mingi ya kuujua mkorosho kuanzia mche hadi ugonjwa wa ubwiri unga. Wapewe na fungu la kulichunguza ganda.

Muhogo uachwe uwe chakula kwanza. Kiwanda cha plastiki kikianza kugombea makopa na sufuria ya ugali, mimi mwenyewe nitaandika barua nyingine, na hiyo haitakuwa na salamu.

Nimalizie na shimo. Mwezi wa kumi na moja mwaka huu nachimba tena, pale pale nyuma ya jiko. Nina karatasi ya wanga iliyopakwa nta ya nyuki, nina kipande cha mfuko mbadala kwa ajili ya kulinganisha, na nimebakiza nafasi. Yeyote kati yenu aliyeletewa sampuli ya plastiki ya kijani mezani kwake aniletee kipande cha ukubwa wa kiganja, jina la kampuni likiwa limefunikwa kwa karatasi ili nisije nikapendelea. Nitakiandika namba, nitakizika mbele ya mashahidi, nitaweka jiwe. Mwezi wa tano, mvua zikikatika, mje tufukue pamoja. Mje na viatu vya matope.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Mikindani, Mtwara